Pazia la Konokono

Kamba hukatikia pabovu, na uzi wa pazia la Konokono ulikatika asubuhi, mkononi mwa mwenyewe, wakati analipandisha kama alivyolipandisha kila siku. Ulilia mara moja, twa, kisha pazia lote, lile la mikunjo linaloshikiliwa na nyuzi, likashuka likalala juu ya sinki.

Konokono lilikuwa gari. Si gari la abiria wala la mzigo, ni lile refu lenye kitanda ndani, jiko la gesi, sinki na kabati, mtu akichoka njiani analala humo humo. Marehemu mume wa mwenye gari, dereva wa malori, alilikuta gereji limetupwa, injini imekufa, akalivuta mpaka nyumbani akisema atalifufua, wazunguke dunia yeye na mkewe. Injini haikufufuka. Aliyeondoka ni yeye, tena peke yake, kwa njia isiyo na kurudi. Majirani ndio waliolipa gari jina, kwa vile limebeba nyumba mgongoni na haliendi popote, na mwenye gari wakamwita Bibi Konokono. Hakuchukia. Konokono hagombani na mwenye nyumba, alisema.

Mwanawe alipojenga nyumba ya matofali katika uwanja ule ule, alimtaka mama yake ahamie ndani, chumba kipo. Bibi akakataa. Mwanamke aliyeshika jiko lake tangu ujana haendi uzeeni kuomba chumvi kwenye jiko la mwingine. Akaapa hata mguu wake hautakanyaga jiko lile, akienda kuwatembelea atakaa sebuleni kama mgeni, ataletewa. Wakabishana mama na mwana mpaka mke wa mwanawe akaleta suluhu. Dirisha la jiko la nyumba lilitazamana na dirisha la jiko la Konokono, katikati uchochoro wa kupita mtu mmoja na ndoo.

"Basi, Mama, kaa huko huko," alisema mkwe. "Ila kila ukiamka pandisha pazia. Mimi nikibandika chai nitaliona liko juu, nitajua umeamka salama. Siku nikiliona chini, nakuja mbio."

Neno likapita. Na Bibi hakuwahi kukosa. Hata akiwa na homa alipandisha pazia kwanza, ndipo akarudi kulala. Miaka ya karibuni lilikuwa halipandi zaidi ya nusu, nyuzi zimechoka, lakini nusu inamtosha mtu anayeangalia.

Sasa pazia liko chini, na Bibi akawa na mambo mawili kifuani. La kwanza, hakutaka ijulikane. Mvua zilizopita paa lilipovuja, mwanawe alisimama mlangoni, viatu vimelowa, akasema, "Mama, kikiharibika kitu kimoja tena humu, tunalikata vyuma. Utahamia ndani, na sitaki maneno." Na yule mtoto ukaidi aliurithi, hakuuokota. La pili, mkwe atakuja mbio. Kwa hiyo Bibi alijifunga kitambaa cha kichwa, akatandika kitanda, akaketi kuelekea mlango na maneno yake tayari mdomoni: Hakuna kitu, mwanangu, ni uzi tu, usimwambie mume wako.

Akasubiri. Alisikia beseni likiburutwa, mtoto akilia kisha akicheka, mwanawe akikohoa na kuwasha pikipiki, pikipiki ikaenda zake. Chai ya Bibi ikafanya utando juu. Hakuna aliyekuja.

Labda mtoto amemsumbua mama yake. Labda leo wamekunywa uji uliolala, hakubandika kitu. Alimtafutia mkwe sababu moja baada ya nyingine, kila moja alipoijaribu ikambana, mwisho akaziacha, akatoka nje.

Mkwe alikuwa anaanika nguo, pini mdomoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Jua la leo zuri, zitakauka mapema."

Bibi alisimama akingoja neno la pili. Mkwe alichomoa pini mdomoni, akabana shati la mumewe kwa mikono yake miwili, akainama kuchukua lingine.

"Zitakauka," alisema Bibi.

Akashika njia mpaka kwa fundi viatu, anayekaa kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, visigino vya watu vimemzunguka.

"Bibi Konokono," alisema fundi, "safari lini?"

"Tunakungoja wewe ulipe nauli. Nipe uzi. Mwembamba, usiovutika, usiooza."

"Wa kushonea nini?"

"Mdomo wa mwenye kuuliza."

Fundi akacheka mpaka kiatu kikamponyoka. Akamvutia uzi wa nailoni, akauburuza kwenye kipande cha nta mara kadhaa mpaka ukang'aa. "Nikifunga kazi nije nikusaidie?"

"Mimi nimeshona maturubai ya malori wewe hujajua kufunga kamba za viatu vyako. Unisaidie nini?"

"Basi, Bibi. Nilitaka tu kuona lilivyo ndani. Miaka yote nalipita nje."

"Utaliona siku ya kunitoa."

Lilimtoka kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe haukucheka. Fundi akainamia kiatu chake. Bibi akakunja uzi, akarudi polepole kuliko alivyokwenda.

Kulitoa pazia dirishani hakukumshinda. Kwanza alivua vile vifungo viwili vya plastiki vilivyo ukutani chini ya dirisha, ambako ncha za nyuzi zimefungwa. Kisha akapanda kwenye kigoda na bisibisi ya marehemu, akalegeza skrubu za ufito wa juu, pazia likamwangukia mikononi, jepesi, limekunjamana kama upepeo wa karatasi, na vumbi la miaka likamwingia puani. Alipiga chafya, akapangusa macho, akatazama dirishani.

Hapo ndipo alipoona.

Nyumba ya mwanawe imesimama juu ya msingi mrefu, na dirisha lake liko juu kuliko la Konokono. Kwa pazia la nusu, Bibi alikuwa anaona ukuta, kizingiti, na kopo la sabuni lililowekwa pale. Miaka hii kopo la sabuni ndilo lilikuwa dalili yake ya watu. Sasa dirisha lilikuwa tupu mpaka juu, na upande wa pili, kioo kizima kimezibwa na mgongo wa friji. Mgongo mweusi, wenye nyavu za chuma na vumbi lililoganda kama manyoya.

Aliikumbuka siku friji ilipoletwa. Wabebaji walipiga kelele, taratibu, kona, kona hiyo, na yeye alisimama uwanjani akawapigia makofi, akaambiwa ngoja, Mama, utakunywa maji ya baridi. Aliyanywa, sebuleni. Wapi imewekwa hakuuliza, na kuona hakuona, maana jikoni alikwisha kuapa. Mkwe wakati ule alikuwa na mimba. Mtoto mwenyewe sasa anakimbiza kuku.

Asubuhi zote hizo. Za homa, za mvua, ile asubuhi goti lilipokataa akajikokota kwa kushika kabati ili pazia lipande. Alikuwa anaiamkia friji.

Bibi alishuka kwenye kigoda, akaketi kitandani na pazia mapajani. Konokono lilikuwa limejaa mwanga, kila kitu kilionekana: kikombe kimoja, sahani moja juu ya nyingine isiyotumika, kofia ya marehemu kwenye msumari. Hakulia. Alikaa tu, mpaka vidole vyenyewe vikaanza kuchomoa uzi mkuukuu kwenye mikunjo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mikono iliyozoea kazi haingoji moyo.

Uzi mpya aliutia kwenye sindano ndefu ya maturubai, akaupitisha tundu kwa tundu, mkunjo kwa mkunjo. Upande wa kushoto aliushusha moja kwa moja mpaka chini, wa kulia vile vile, akavuta kwa nguvu zake zote na kufunga fundo la turubai, lile ambalo lori likipinduka mzigo unamwagika lakini fundo halifunguki. Akajaribu kwa kulishikilia dirishani. Ufito wa chini ukapanda upande mmoja, mwingine ukabaki, pazia likakaa kombo kama mtu aliyeteguka nyonga. Alipoliachia likaporomoka. Akavuta zaidi, akafunga zaidi, likaporomoka vile vile. Na mafundo yake, kwa kuwa yalikuwa mazuri, yakakataa kufunguka. Ikabidi ayakate kwa kisu, akijitukana.

Alikuwa na kisu mkononi hodi ilipopigwa. Pazia liko kitandani limetapanyika, nyuzi nje kama matumbo ya samaki. Bibi akaufungua mlango kidogo, akasimama akauziba kwa mwili wake.

Mkwe alikuwa na sahani iliyofunikwa. "Chakula chako, Mama. Umejifungia, unafanya nini?"

"Nashona."

"Hupumziki wewe." Mkwe alimpa sahani, akapangusa jasho la uso kwa bega. Halafu, akiwa ameshageuka nusu, akasema vile mtu anavyotupia neno la kuagia, "Lakini leo uliamka mapema. Nimeona pazia juu, nikasema moyoni, mama yuko salama."

Bibi akamtazama. "Umeliona?"

"Nimeliona. Si kama kila siku?"

Haukuwa uso wa mwongo. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, anayesema jambo jema kwa sababu ni jema, kama mgonjwa anavyoulizwa habari akajibu nzuri. Bibi alijua kwamba akisogea hatua moja tu, mkwe ataona kitanda na kilichopo juu yake, na dirisha lilivyo wazi, na mgongo wa friji nyuma ya dirisha. Na usiku mwanawe ataambiwa, na Konokono litakatwa vyuma. Lakini siyo hilo lililomzuia. Aliona tu kwamba uongo ule mdogo ndio uangalizi wote uliokuwa umebaki, na akiuvunja hana wa kuweka mahali pake.

"Asante kwa kuangalia, mwanangu," alisema.

"Si wajibu wangu, Mama?" Mkwe akaenda, ndara zikimpigapiga visigino.

Chakula kilibaki kimefunikwa. Bibi alirudi kwenye pazia, akaugeuza ufito wa chini, akauchungulia kwa ndani. Mara moja zamani uzi ulikatika, na mume wake aliutengeneza, yeye akamshikia taa. Alimwona sasa, ulimi nje kama mtoto anayechora. "Wewe na maturubai yako," alimwambia siku ile, "unataka kila upande ujivute peke yake. Hapa uzi wa kushoto unaingia kwenye ufito, unatembea humo, unatokea kulia. Wa kulia unatokea kushoto. Zinapishana. Ndiyo maana ukiliacha popote linakaa."

Siku ile Bibi alisema nimeelewa, na hakuwa ameelewa, ila kuuliza mara ya pili hakujazoeleka kwake.

Akazipishanisha. Ncha za juu akazifunga kwenye springi ndogo zilizofichwa ndani ya ufito, za chini kwenye vifungo vya plastiki, na safari hii akafunga fundo la kawaida, la kufunguka, akavuta kidogo, akajaribu, akavuta kidogo tena. Jua lilikuwa limehamia upande wa barabara alipokaza skrubu ya mwisho. Alishika ufito kwa vidole viwili, akasukuma. Pazia likapanda kwa ulaini, likapita nusu, likafika juu kabisa, likatulia. Friji yote ikaonekana. Akalishusha, akalipandisha tena, akaliacha katikati, likakaa. Hapakuwa na wa kumwambia tazama.

Asubuhi yake alipoamka aliliendea pazia kwanza, mazoea hayana dawa. Alilipandisha mpaka juu. Friji ikanguruma upande wa pili, ikanyamaza. Bibi akaitazama. Kisha akavaa viatu, akajifunga kitambaa, akavuka uwanja, akabisha mlango wa mwanawe kwa kifundo cha kidole.

Mwanawe alifungua, mswaki mdomoni, macho yamemtoka. "Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kuwaangalia kama mmeamka."

"Tumeamka."

"Na mimi nimeamka."

Mkwe alitokea nyuma ya mumewe na mtoto kiunoni. Alimtazama mama mkwe wake, viatu vyake, kitambaa chake kilichofungwa vizuri. Kisha akageuza kichwa polepole kuelekea jikoni, akabaki ametazama huko.

"Ingia basi, Mama, unywe chai," alisema, sauti imeshuka.

"Ninayo yangu."

Akarudi kwenye Konokono lake, akabandika chai. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa. Baada ya muda hawakuwa wanafungua mlango. Bibi alibisha, na sauti ikajibu kutoka ndani, mara ya mwana, mara ya mkwe, yenye usingizi bado, "Tumeamka, Mama." Naye akasema, "Haya," akasimama pale kidogo, mkono juu ya mbao, kabla hajageuka.