Dawa Mbili za Ukoo Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya tisini, Mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka nainamisha uso. Nilikuwa mwanafunzi wa ufamasia, nikijifunza kazi katika duka moja la dawa pale Lindi, kijiji kimoja cha mtaa wa Kibera, Nairobi. Kichwa kilikuwa kimenivimba kweli. Wateja waliniita daktari, nami sikuwakataza.

Akaja Mama Achieng, muuza mboga wa kijiji jirani cha Silanga, anatetemeka kwa malaria. Nikamhesabia tembe tatu, zile tulizokuwa tukimeza zote kwa mara moja. Hakuzipokea.

"Daktari, ile dawa ya kifua nilipewa mwaka jana ilinichubua mdomo. Hii haiko na shida?"

"Aai, mama! Hiyo ilikuwa ya kifua. Hii ni ya malaria," nikamjibu huku nikicheka, naye akaniamini, akazimeza palepale.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu. Dawa zile mbili ni za ukoo mmoja, salfa, na mwili uliodhurika na moja huweza kudhurika na ndugu yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kitanda alikuwa amenieleza waziwazi.

Siku ya tatu binti yake alimleta akimshika mkono, midomo imebabuka, macho yamevimba hayafunguki. Mwenye duka, mfamasia mzee, alimkimbiza hospitali. Mama alipotoka huko, jicho lake la kushoto lilikuwa limepofuka. Mzee akanipeleka nyumbani kwa mama huyo kuomba radhi. Majirani walinirushia maneno, na ilikuwa haki yao, mpaka Mama Achieng akawanyamazisha.

"Muacheni. Huyu ni mtoto wa shule, hakujua."

Mwanangu, nilijua. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeziandika dawa zote mbili kwenye mtihani, chini ya salfa, nikapata maksi zote. Nami nikanyamaza, nikanywa chai yake. Aliaga dunia miaka mingi baadaye akiamini hivyo, na aibu hii sina tena wa kumpelekea.

Basi jifunze dawa kwa koo zake, salfa, penisilini na nyingine zote, lakini usiziache darasani. Mgonjwa akisema dawa fulani ilimdhuru, weka chini ulichoshika. Muulize ni ipi na ilimfanya nini, kisha utazame ukoo wa hiyo unayompa. Kama huna hakika, usiitoe. Na ukikosa, kiri mapema, wa kukusamehe angali hai. Mungu akupe sikio sikivu, Mwanangu, na ulimi usiojificha nyuma ya huruma ya mgonjwa.