Hatua Arobaini za Mama

Mashua ilipozunguka mwamba wa mwisho nikaiona rasi: jiwe jeusi, nyumba tano, vichanja vya kukaushia chewa visivyo na samaki. Mbele yake ni bahari tu hadi kwenye barafu. Nilikuwa nimeishi Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe, miaka tisa, lakini huku sikuwahi kufika. Nilikuja kupanga nyumba ya Gudveig Skarnes, mkazi wa mwisho, aliyekuwa akihamia kwa bintiye mjini Alta kwa mashua hiyohiyo.

Nilimkuta gatini na sanduku moja na koleo.

"Una saa moja tu, mama," nahodha Torleiv alimwambia. "Upepo unageuka. Na hilo koleo, unakwenda kulima Alta?"

"Kunywa kahawa yako, wewe."

Alinikabidhi ufunguo, akanieleza. Vuli ya 1944 Wajerumani, wakirudi nyuma, walichoma kila kitu, hata vichanja, wakawahamisha watu kwa meli hadi Tromsø, kusini. Kila nyumba ilifukia ilichokithamini. Mama yake alifukia cherehani, hatua arobaini kutoka kwenye pete ya chuma ya kufungia mashua, kwa kuwa pete ile imepigiliwa mwambani na haiungui. Vita vilipokwisha baba alipima. Kaka zake wakapima. Walichimba kila kiangazi mpaka wakachoka.

"Leo napima mimi, basi," alisema, kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Nyonga yake ilikuwa mbovu. Alikwenda akijikokota, akihesabu kwa sauti. Arobaini ilimwishia mbali kabla ya mashimo ya zamani. Akasimama.

"Mama alikuwa na mimba ya miezi minane," alisema. "Sisi tulipima kwa miguu ya wanaume."

Nilichimba. Kina cha mkono, koleo likagonga chuma. Turubai lilikuwa limeoza. Gudveig aliinama, akajaribu gurudumu. Halikuzunguka. Kwenye kijisanduku cha pembeni mlikuwa na vifungo vitatu vidogo. Akavitazama, akavirudisha.

"Mtoto alizaliwa melini. Hakufika Tromsø."

"Nikubebee mpaka mashuani?"

"Ya nini? Fukia."

Torleiv alipiga honi.

"Umepata dhahabu, mama?"

"Kutu."

Gudveig alipanda, akaketi akitazama kusini. Mashua ikapita mwamba. Nilikuwa bado nimeshika koleo lake, nikaanza kurudisha udongo.