Karatasi za Tonton Fataki

Harufu ya uji wa muhogo uliochacha hainishtui jikoni. Hapa Kisangani ni harufu ya kila siku. Lakini mwezi uliopita niliinusa kwenye santuri, na ikanishtua. Nilikuwa sebuleni kwa Mama Régine, kule Mangobo, nimekwenda kununua.

Watu wanajua ninachonunua. Ni santuri za dansi ya kujificha, ile iliyochezwa mchana nyuma ya milango iliyofungwa, katika miaka ambayo askari walikataza watu kukusanyika. Pamoja na santuri ninachukua chochote kilichobaki katika kumbi zile: tiketi za kadibodi, mabango yaliyochorwa kwa mkono, mihuri iliyochongwa kwenye soli ya kandambili ya kugonga wateja mkononi. Niseme bila aibu: katika mkoa mzima wa Tshopo hakuna mwenye mkusanyo kama wangu. Nimeutengea chumba kizima nyumbani kwangu, mtaa wa Makiso, na kila kitu kina kibandiko kilichopigwa chapa. Mimi ni mtoto wa Mangobo niliyeondoka na begi moja, nikaosha vyombo Ubelgiji, nikasoma jioni baada ya kazi, nikapata diploma ya utunzaji wa nyaraka. Hakuna aliyenishika mkono. Diploma hiyo iko ukutani, na ukija kwangu utaiona kabla hujaniona mimi.

Santuri aliyonitolea Mama Régine ilikuwa ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Katikati, pale ambapo kiwanda huandika jina la wimbo, palikuwa pamebandikwa karatasi ya daftari iliyokatwa duara, na juu yake mwavuli uliochorwa kwa wino wa buluu. Gundi yake ilikuwa uji wa muhogo. Mkono uliochora mwavuli ule niliujua mara moja.

Ulikuwa mkono wa tonton Fataki, mdogo wake mama, aliyeishi nasi nilipokuwa mdogo. Mama Régine alikuwa na depo kubwa iliyowahi kuwa ghala la mpunga, na kila dimanche, yaani Jumapili, baada ya misa watu waliingia humo wawili wawili, kimyakimya kama waendao matangani. Lango likishafungwa, tonton alipiga santuri. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya pekee, na heshima yake yote ilikuwa humo. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina tu. Aliitwa Fataki wa Santuri, na hata wazee walimpisha njiani.

Kila santuri yake ilikuwa na karatasi. Moja ilichorwa samaki, nyingine ufunguo, nyingine pilipili, nyingine toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Hilo halikumshangaza mtu. Wapiga santuri wote wa mjini walificha majina ya nyimbo, wapinzani wasijue waagize nini kwa meli ya Kinshasa. Wengine walikwangua majina kwa wembe. Tonton alibandika picha. Ukimuuliza wimbo unaitwaje, alikujibu, "Inaitwa Pilipili. Ukikula, utajua." Na wachezaji waliomba hivyohivyo, kwa picha: Fataki, tupe Samaki.

Kisha akaja Dédé. Alishuka kwenye meli na mashine ya kaseti yenye taa nyekundu zilizocheza zenyewe, na suruali ambayo Mangobo ilikuwa haijaona mfano wake. Mama Régine alikuja kwetu, akaketi kwenye kigoda, akakataa chai. Nikajua habari si nzuri.

"Fataki, weye iko mutu yangu," alisema. "Lakini vijana wanataka kitu ya sasa. Bon, dimanche mutapiga wawili. Mwenye atashikilia watu, njo atabakia."

Tonton alijibu kwamba ni sawa. Usiku ule hakula, na sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, tuliigawana sisi watoto.

Nilikuwa na miaka tisa, na katika kusoma hakuna aliyenifikia shuleni. Hilo lilijulikana hata kwa wazazi wa wenzangu. Nilisoma makopo ya maziwa, matangazo ya parokia, vikaratasi vya dawa. Tonton aliniita Mwalimu. Wageni wakija alinisimamisha katikati ya chumba nisome chochote kilichokuwa karibu, naye alisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza muziki.

Jumamosi alikwenda Makiso kutafuta sindano mpya ya mashine. Nami nikaamua kumsaidia. Niliwaza kwamba Dédé anashinda kwa sababu vitu vyake vinang'aa, na vya tonton vimechafuka kwa makaratasi yaliyopinda ncha. Nikajaza beseni maji na sabuni ya kipande. Karatasi zilitoka kwa urahisi, kama ganda la nyanya iliyochovywa katika maji ya moto. Chini yake yakatokea majina: herufi za dhahabu, herufi nyekundu, majina ya nyimbo na ya waimbaji ambayo hakuna mtu Mangobo aliyewahi kuyaona. Nilifuta kila santuri kwa kitenge cha mama. Kisha nikazipanga kwenye kasha lake la mbao kwa kufuata alfabeti, kazi ambayo hata leo nawaona watu wenye ofisi wakiikosea. Karatasi nilizitupa kwenye mtaro. Sikusema neno, nilitaka ashangae.

Dimanche tulifunga kasha nyuma ya toleka bila kulifungua, mimi nikishika sindano mpya mkononi. Depo lilijaa. Dédé alipiga kwanza, watu wakacheza vizuri, si zaidi. Nikamsikia mwanamke mmoja akisema, "Tungojee Fataki."

Tonton akafungua kasha. Alitoa santuri moja, akaigeuza, akairudisha. Akatoa ya pili. Akaisogeza kwenye mwanga uliopenya katika tundu la bati, akaitazama muda mrefu. Akatoa ya tatu.

"Nani amegusa caisse yangu?"

"Miye, tonton. Nilisafisha zote."

Alijifuta uso kwa kiganja, akachukua moja, akaiweka. Watu walikuwa wamekwisha kuinua mikono, na kilichotoka kilikuwa wimbo wa Noeli, na sisi tulikuwa katikati ya mwaka. Akainua sindano, akaweka nyingine: wimbo wa polepole wa kulilia mpenzi. Akainua tena. Miluzi ikaanza.

"Vieux," alisema Dédé, akimwita mzee huku ameegemea mashine yake, "leo iko Noeli ao iko matanga? Tuambie, tuvae vizuri."

Tonton alisema mashine imeharibika, sindano mpya si nzuri. Sindano nilikuwa nimeibeba mimi, tena kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesimama juu ya gunia ili nione, na nikasema kwa sauti yangu ya shuleni, ile ya kufika dawati la mwisho:

"Tonton, mashine haina mubaya. Majina yote iko imeandikwa pale katikati. Soma tu."

Mtu akacheka nyuma, na Dédé akalidaka neno langu na kulipiga kwa viganja kwenye spika: soma tu, vieux, soma tu. Depo zima likaitikia, na watu wakalichezea. Nami nilicheka juu ya gunia langu. Nilidhani wananisifu.

Tonton alitoka kwa mlango mdogo. Kasha aliliacha palepale. Hakurudi kulichukua, na Mama Régine akaziuza santuri moja moja. Baada ya mwezi alipata kazi ya kubeba mizigo ya abiria kule uwanja wa ndege wa Bangboka. Hakunigombeza hata siku moja, lakini kuanzia dimanche ile hakuniita tena Mwalimu. Aliniita kwa jina langu, kwa upole, kama mtoto wa jirani.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa na maelezo yangu: nilitoboa siri ya kazi, wapinzani wakayaona majina, mpiga santuri akapoteza mali yake. Ilikuwa hadithi nzuri. Niliisimulia mezani Ubelgiji, na watu walicheka. Nilimwandikia tonton barua ndefu kutoka kule, kwa mwandiko safi, na hakujibu hata moja. Nikaamua kwamba ni mtu wa kinyongo. Alifariki kabla sijarudi, na nilituma shada kubwa kuliko yote.

Basi mwezi uliopita, nikiwa na santuri ile ya mwavuli mkononi, nilimsimulia Mama Régine hadithi yangu. Santuri hiyo ilipona, aliniambia, kwa sababu Jumamosi ile ilikuwa nyumbani kwake, alikuwa ameiazima. Lakini hadithi yenyewe haikumchekesha.

"Weye, mupaka leo haujue?"

Nikamuuliza nisichojua ni nini.

"Fataki hakukuwa anajua kusoma. Hata herufi moja. Zile picha njo zilikuwa macho yake. Weye ulimutobola macho, kisha ukamuambia mbele ya watu asome." Alisema hivyo bila hasira, akipepeta mchele. "Miye sikumufukuza. Nilimutumia watu mara mbili. Alikuwa na haya."

Niliuliza ni nani waliojua.

"Toka ile siku? Mangobo yote. Na barua zako alikuwa analeta hapa, miye namusomea. Ile ya diploma alinisomesha mara tatu. Nikamuambia, tumujibu mutoto, miye nitaandika. Akasema hapana, atajua mukono iko ya mutu mwingine."

Sikuinunua santuri ile. Niliirudisha mezani, nikaaga, nikatembea kwa miguu mpaka Makiso, mimi ambaye siku hizi sitoki bila gari.

Nilirudi Kisangani nikiamini nimewaletea watu wa Mangobo historia yao, imepangwa vizuri kwenye rafu. Kumbe walikuwa nayo yote, pamoja na ukurasa wangu. Walinipokea, wakaniuzia vitu vyao vya zamani, wakaisifu diploma yangu, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenisomea ukurasa ule mbele ya watu.