Mkia Uliohama

Fundi fremu huyu watu walimwita Pembe Nne, na jina likamkaa. Kwa miaka ishirini, chochote kilichozidi mstari alikikata: vyeti vya shule, picha za harusi, hata shangazi wa bwana harusi, kisa alisimama pembeni mno.

Jumatatu moja mwalimu wa fizikia alimletea picha kubwa. Kwenye giza totoro kulikuwa na galaksi mbili zilizokaribiana, na moja ilitoa mkia mweupe mrefu hadi ukingoni.

"Ziko mbali ajabu," mwalimu alieleza. "Zinavutana. Huo mkia ni nyota zilizochomolewa na mvuto wa mwenzake. Nifungie vizuri, fundi wangu, naitundika darasani."

"Ondoa shaka, mwalimu."

Aliitikia tu, masikio hayakuwepo. Macho yake yalikuwa kwenye fremu aliyokwisha kuikata. Picha ilizidi kwa shibiri nzima. Akautazama ule mkia, akaona huo ni wino umechuruzika. Mkasi ukalia kwacha!

Mkewe, aliyekuwa akifuta vioo, akashika kiuno. "Baba watoto, hicho ulichokata si ndicho mwalimu alikuwa anakisifia?"

Waliokota kipande, wakakipaka gundi, wakakibandika upesi upesi. Gundi ilipokauka ndipo walipogundua wameipa mkia ile galaksi isiyo na mkia.

Jumatano mwalimu alikuja, akaitazama kazi.

"Fundi, mkia umehama."

"Si ulisema zinavutana, mwalimu?" Pembe Nne alijibu. "Labda mwenzake kashinda."

Mwalimu alicheka mpaka akaomba kiti. Akaahidi kuchapisha nyingine, na safari hii fundi alipima picha kwanza, mara tatu, mkewe kamsimamia kama askari wa zamu. Ile iliyoharibika wakaachiwa, wakaitundika sebuleni.

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, aliikodolea macho.

"Hawa ndio nani?"

"Galaksi, mama. Zinavutana tangu enzi na enzi."

"Mpaka leo hawajaachana?"

"Hawajaachana, mama."

"Na watoto wanao?"

Pembe Nne alimgeukia mkewe amwokoe, lakini mkewe alishakimbilia jikoni, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Mwalimu anasema zikisogeleana hivi, nyota mpya huzaliwa kwa wingi."

"Basi waacheni wavutane," mama mkwe akasema, akavua viatu.