Kilio Nilichokianzisha Mwenyewe Kwenye Matanga ya Mama Anyesi

Ndugu zangu, mtacheka, na mcheke tu, maana wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, tena mahali ambapo hakuna mtu aliyepaswa kucheka. Hata leo nikikumbuka nasikia uso unawaka.

Wakati ule nilikuwa nasoma saikolojia hapa Bunia, na nilikuwa nimemchumbia Jeanne, binti wa watu wa Mahagi. Mama yake, Mama Anyesi, alikuwa anauza sokoni samaki wa ziwani Kasenyi, na kila nilipopita alinifungia kichwa cha samaki (hata sikumwomba, alisema tu, "Mukwe wangu, kichwa ni ya kwako"). Mama huyo akafariki ghafla, na mimi, badala ya kulia, nikakauka. Machozi hayakuja kabisa. Na kwao mkwe anaingia matangani akilia tangu barabarani, watu wamsikie kabla hawajamwona. Jeanne akanipigia simu: "Baba wadogo wote watakuwa pale. Wanataka waone kama weye iko mutoto ya ile nyumba."

Sasa, wiki ile mwalimu alikuwa ametufundisha nadharia moja, kwamba hatulii kwa sababu tuna huzuni, bali tuna huzuni kwa sababu tunalia. Mwili unatangulia, moyo unafuata. Nikaona nimepata dawa! Nikaamua kuuanzisha mwili mwenyewe, huzuni itanikuta njiani.

Basi nikashuka kwenye pikipiki mbali kidogo na nyumba, nikakunja uso, nikatikisa mabega, nikakata pumzi vipande vipande, hiii, hiii, na kweli machozi yakaja. Nikavua viatu kando ya mkeka, wamama wakanipokea kwa kilio, mmoja akanishika mkono hadi mbele ya jeneza, na hapo ndipo kichwa changu cha shule kikaniharibia: nikajisemea, ndiyo, inafanya kazi! Nikafurahi (Mungu anisamehe) jinsi mtu anavyofurahi hesabu ikimtokea sawa. Mdomo ukapanuka wenyewe. Mabega yalikuwa tayari yanatikisika, pumzi imeshakatika, na mwili ulipokuta mdomo umepanuka ukaendelea na kicheko. Nilijiuma ulimi, nikafunika uso kwa kitambaa, kicheko kikatokea puani, na kadiri nilivyokizuia ndivyo kilivyozidi, mpaka wamama wakanyamaza na sauti iliyobaki uani ikawa yangu peke yangu.

Baba mdogo wa Jeanne akanivuta hadi barabarani, nikiwa na soksi tu miguuni.

"Kijana, unacheka mama yetu?"

Afadhali ningenyamaza. Au ningesema nimechanganyikiwa, watu huchanganyikiwa kwenye msiba. Mimi nikaanza kumfundisha, mwili unatangulia, moyo unafuata, na yeye akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama iko mu sanduku," akasema polepole, "na weye iko unafanya examen juu yake?"

Jeanne alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia yote. Hakunitukana. Alirudi ndani, akaleta viatu vyangu, akaviweka chini mbele yangu, ncha zikielekea mjini. Baada ya mazishi familia ikatuma neno kwamba hawanitaki tena, na yeye hakubisha.

Muda ukapita, siku moja nikapita sokoni. Mama mwingine alikuwa ameketi mahali pa Mama Anyesi, akaniuliza, kama wanavyomwita kila mwanaume huku, "Papa, nikukatie kichwa?" Nikalia. Sikukunja uso, sikutikisa bega, nililia kwa kwikwi mbele ya samaki wote mpaka yule mama akaweka kisu chini.

"Pole, papa. Kama hautaki kichwa, nitakupatia mukia."

Tangu hapo nimeapa: machozi yasipokuja matangani, nitakaa kimya na ukavu wangu, watu waseme watakavyo. Mama Anyesi angenisamehe, nadhani. Lakini aliyepaswa kuyaona machozi yale ni Jeanne, na hakuwepo.