Mizabibu Iliyopogolewa Januari

Hebu fikiria duka la kuchapisha karatasi hapa Tabora mjini. Binti amepokea cheti chake cha kozi ya mtandaoni ya kilimo cha zabibu, na kwa furaha anatuonyesha kwenye simu mizabibu yake iliyoko shambani Ziba, aliyoipogoa juzi.

Mzee mmoja mkulima akashika mdomo. "Mwanangu, umekata Januari, mvua zote hizi? Haikuwa na vishada?"

"Ilikuwa navyo, babu. Mavuno yangu ya kwanza. Lakini kozi ilisema Januari."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Ulaya. Kwenye video alivaa koti, theluji imetanda, mizabibu yake haina hata jani..."

Hakumaliza. Akaitazama tena picha kwenye simu, kisha akakikunja cheti.

Tafadhali kumbuka jambo moja: mwalimu akiwa mbali, muulize kwanza kwake ni majira gani.