Nailoni ya Kitu Kipya

Kompyuta ilizima tena nikiwa nimefika pale Baba anapoeleza jinsi ya kumtazama ng'ombe. Haikutoa onyo lolote. Nilibaki na skrini nyeusi mbele yangu na kipanya mkononi, na hamu kubwa ya kukirusha dirishani kiwaangukie mafundi wa ghorofa mpya wanaotupigia nyundo tangu tuhamie Kileleshwa. Sikukirusha. Nililaani kwa sauti, peke yangu sebuleni, kisha nikaiwasha upya.

Kazi yangu ni kuhariri video: harusi, mazishi, matangazo ya maduka. Hii haikuwa ya mteja. Baba yangu alinunua ng'ombe Dagoretti miaka mingi na kuwapeleka kichinjioni, na hakuhitaji mizani. Alimtazama ng'ombe, akataja kilo zake, na wachinjaji wakakubali. Sasa macho hayo hayo yalikuwa yanakufa. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa inachelewesha tu. Kwa hiyo nilimrekodi akisimulia kazi yake yote, zizini, sokoni, na nyumbani kwenye kiti chake. Akaniomba jambo moja. "Mama, unimalizie nikiwa bado naona." Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na akiniita hivyo sina ujanja.

Basi nikaanza kuutafuta ugonjwa wa kompyuta. Kuna programu ndogo inayoonyesha joto la prosesa, kile kipande cha mraba kinachofanya hesabu zote za mashine. Nikisoma barua pepe tu, joto lilikaa sawa. Nikianza kuunganisha video, lilipanda hadi karibu digrii mia, na mashine ikajizima isije ikaungua. Nikafungua ubavu wa sanduku. Vumbi la ujenzi lilikuwa limejaa kwenye feni ya prosesa, nikalitoa kwa brashi ya rangi. Joto likashuka kidogo, likapanda tena. Nikaishika feni yenyewe, ikacheza mkononi. Mguu mmoja wa plastiki ulikuwa umevunjika na feni imeinama upande, kwa hiyo haikuikalia prosesa sawasawa. Ugonjwa nilikuwa nimeupata, na dawa yake ilikuwa feni nyingine.

Mume wangu alisikia neno feni akacheka. Yeye ni mtu wa bima, ana ofisi mjini, na ujuzi wake wa kompyuta ameupata kwa kutazama video za vijana wanaofungua maboksi. "Feni ni za mashine za saiba, zile za kulipia dakika," akasema. "Siku hizi ni maji."

Sina chuki na maji. Huchukua joto kwenye prosesa, hupita kwenye mirija miwili hadi kwenye redieta, yakapozwa na kurudi, kama kwenye gari. Mashine kubwa inayofanya kazi ngumu kutwa nzima inaweza kupata nafuu kwelikweli. Lakini hata hiyo redieta inapulizwa na feni, na feni hizo zitavuta vumbi lile lile la jirani. Juu ya hapo kuna pampu. Feni ikikaribia kufa unaisikia ikinguruma, na hata ikifa, bonge la chuma lililo chini yake bado linapoza kidogo. Pampu inaweza kufa bila kukuambia kitu. Mashine yangu ni ya wastani, na feni ndefu yenye mapezi mengi ya chuma ya kutawanya joto ingeitosha kabisa. Nilimweleza haya yote tukila chakula cha jioni. Alitafuna, akameza, akaniambia kwamba ninaogopa vitu vipya.

Jumamosi tukaenda kwenye maduka ya kompyuta ya River Road. Feni mbovu nilikuwa nimeibeba mimi, mkononi, ikionekana, na bado muuzaji akamgeukia mume wangu. "Boss, karibu. Unatafuta gani?"

Nikauweka ule mguu uliovunjika mbele ya macho yake. Akauangalia, kisha akamrudia mume wangu. "Hii ni ya kitambo sana. Kwani madam anafanyia nini hiyo mashini?"

"Muulize madam," nikasema. "Niko hapa. Nahariri video."

Akacheka kidogo, akidhani namtania. "Pole, madam. Sasa boss, kama ni mambo ya video, chukua ya maji. Iko na taa, inabadilisha rangi. Watu wa maana ndio wananunua hii."

Kwenye rafu nyuma ya kichwa chake niliiona feni niliyoitaka, ndefu, ya aluminiamu, haina urembo wowote. Mume wangu alikuwa ameshalikumbatia boksi la maji. Damu ilinichemka, na siku nyingine yoyote ningeanzisha ugomvi palepale kati ya maboksi. Lakini asubuhi hiyo Baba alikuwa amenipigia kuuliza video imefika wapi, na nilitaka kitu chochote kitakachopoza. Nikanyamaza. Mpaka leo nikikumbuka kule kunyamaza nasikia joto masikioni.

Nyumbani hakuniruhusu niiguse. "Hii kitu haitaki haraka," akasema, akatandaza taulo mezani na kupanga bisibisi zake. Mashine ilikuwa yangu, ndiyo inayonilisha, na nilikuwa nimeifungua mara nyingi kuliko yeye alivyofungua boneti ya gari lake. Nikaenda jikoni kuosha vyombo kwa kelele. Baadaye akaniita. Taa ziliwaka samawati, zikageuka kijani, zikageuka zambarau, na mume wangu akasimama kando na mikono kiunoni akingoja kusifiwa.

Nikaanza kuunganisha video. Ikazima haraka kuliko ilivyokuwa ikizima na feni iliyovunjika.

Hapo ndipo zilipoanza sababu. Kwanza alilaumu programu yangu, kisha pazia langu, kwamba ni jepesi na linapitisha jua. "Unafungua vitu mingi sana kwa wakati moja," akaniambia, mtu ambaye simu yake mwenyewe huganda akipiga picha. Akalaumu stima. Nilipomwambia nataka kuifungua niangalie, alinuna. Nilikuwa nimemkosea heshima, alisema, kwani alikuwa ameifunga vizuri na kila skrubu imekaza. Ili kuwe na amani nyumbani, nilipunguza ubora wa picha, nikaikata kazi vipande vipande, nikaelekeza feni ya kusimama kwenye ubavu wa sanduku kama mtu anayempepea mgonjwa. Wiki zikapita hivyo. Nilikuwa napata dakika chache za video, kisha giza.

Siku moja simu yangu iliita kwa namba ya Baba, lakini aliyekuwa upande wa pili ni mama yangu. "Amenituma nikupigie," akasema. "Anasema namba za simu zimeingia ukungu." Kisha akampa.

"Mama, imefika wapi?"

"Iko karibu, Baba."

"Sawa. Mimi niko tu."

Nilikata simu. Sikuwa na huzuni bado, huzuni ilikuja baadaye. Nilikuwa na hasira ya kuweza kubomoa ukuta. Mume wangu alikuwa kazini, na amani ya nyumbani ikaonekana kitu kidogo sana. Niliiwasha mashine, nikaitwika kazi nzito, nikashika mirija ya maji kwa vidole huku nikitazama joto likipanda. Prosesa ilikuwa inaungua. Pampu nilikuwa nikiisikia ikitetemeka, na mirija yote miwili ilikuwa baridi, baridi ya bomba la asubuhi. Redieta nayo baridi. Kwa hiyo maji hayakuwa yakipokea joto lolote. Tatizo lilikuwa pale pale yanapokutana na prosesa.

Nikazima, nikafungua skrubu, nikakinyanyua kitako cha shaba. Kilikuwa kizuri, kinang'aa. Juu yake palikuwa na karatasi ya nailoni, nyembamba, safi, imebandikwa bila hata kiputo, na juu ya nailoni ule uji wa kijivu wa kupitisha joto, umepakwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa herufi nyekundu, nailoni yenyewe ilisema itolewe kabla ya kufunga.

Alipoingia jioni nilikuwa nimeiweka kwenye sahani, katikati ya meza, pale panapokaa chakula chake.

"Hii uliiona?"

"Niliona."

"Uliisoma?"

"Nilisoma. Lakini shaba ilikuwa inang'aa vile, nikaona itakwaruzika bure. Si tungetoa baadaye?"

"Baadaye lini?"

Katika nyumba yetu rimoti inaishi ndani ya nailoni iliyofungwa kwa raba. Mlango wa friji bado una stika iliyotoka nayo dukani. Viti vya gari lake vilivaa nailoni mpaka ikapasuka yenyewe, na hata hapo aliibandika kwa selotepu. Kitu kipya kwetu kinangoja siku yake. Siwezi hata kusema alizaliwa peke yake hivyo, maana mimi nimelelewa katika sebule ambayo vikombe vizuri vilikaa kabatini vikingoja wageni waliovistahili, na hao wageni sikuwaona. Lakini sikumwambia hayo. Nilimwambia maneno mengine, mengi, na majirani wa ghorofa ya juu waliyasikia.

Niliibandua ile nailoni, nikafuta, nikapaka upya, nikafunga. Joto likapanda kidogo likatulia, na video ikaunganika yote bila kukohoa. Maji hayakuwa na kosa. Nilinyimwa hata raha ya kusema niliwaambia.

Nilipofika Dagoretti, Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia. Televisheni tuliyomnunulia sisi watoto ilikuwa mezani, na nailoni ya kioo bado ilikuwa juu yake, imejikunja pembeni na kujaa viputo. Akavuta kiti hadi magoti yakakaribia kugusa meza. Video ikaanza. Aliinamisha kichwa kulia, akajaribu kushoto, akakitafuta kioo kwa pembe ya jicho.

"Huyo ameketi ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Sauti ni yangu." Akasikiliza. "Lakini mimi naona tu mwangaza. Ng'ombe ameshaingia?"

"Ameingia. Mwekundu, ana doa jeupe kwenye paja."

"Ana kilo ngapi?"

Nilimtazama yule ng'ombe. Mama yangu, aliyeketi kando yetu, alimtazama pia, kisha akatazama mikono yake. Sote tulikuwa na macho mazima na hakuna aliyeweza kusema. "Sijui, Baba," nikamwambia.

Hasira ilinipanda tena, nami sikuwa na wa kumtolea. Niliinuka, nikashika ile pembe iliyojikunja, nikaivuta nailoni kwa nguvu. Ilichanika kwa sauti.

"Unatoa nini?" Baba akauliza.

"Nailoni ya televisheni."

Kwenye kioo alikuwa akizungumza bado, mkono wake ukionyesha mbavu za ng'ombe.

"Nilikuwa naingojea siku ya kuona kitu cha maana," akasema. "Toa polepole, mama. Usikwaruze kioo."